Mtoto Aliyeko Mwanza

Siku matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, Salvina alikuwa akikata majani ya ng'ombe chini ya migomba. Hakuhitaji kuambiwa. Alimsikia mumewe, Wenseslaus, akiimba tangu barabarani, wimbo wa Pasaka katikati ya mwezi wa Julai, kwa sauti ile ile aliyozoea kuongozea kwaya ya kigango chao huko Kilema. Majirani walitoka kwenye vihamba vyao, mashamba yao ya nyumbani, kuuliza kuna nini. Bernadetha, jirani wa ng'ambo ya mfereji, alifika na kata ya mbege, pombe ya ndizi, mkononi kabla hata habari haijasemwa vizuri.

"Daraja la pili!" Wenseslaus alisema. "Fizikia, Kemia, Baiolojia. Mtoto wangu!"

Gaudensi alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuja baada ya mimba tatu kuharibika, wakati Salvina alikuwa ameshakata tamaa na ndugu wa mume wameanza kunong'ona. Alikua kijana mpole, mwenye mguu wa kushoto unaokanyaga kwa nje tangu alipoanguka kwenye mparachichi akiwa darasa la pili. Hakuwa mtu wa kujibizana. Ukimtuma alikwenda, ukimkataza aliacha.

"Sasa ni udaktari," baba yake alisema jioni ile, na hapo hapakuwa na mjadala. Wenseslaus alikuwa na sababu yake. Mdogo wake alifariki utotoni akiwa amebebwa kwenye machela ya miti kuteremshwa hospitali, na Wenseslaus ndiye aliyeshika mti wa mbele. "Ukoo huu umezika watu wa kutosha waliofia njiani," alizoea kusema. "Atatoka mmoja wa kuwatibu."

Wiki chache baadaye dirisha la maombi ya vyuo lilifunguliwa. Wenseslaus alikuwa ameshikwa na kazi ya kahawa, akamtuma mkewe amsindikize kijana hadi Himo, kwenye steshenari ya Elisifa. Elisifa aliwahi kufundisha sayansi sekondari, na msimu huo duka lake lilijaa wahitimu waliosubiri zamu kwenye benchi ili wasaidiwe kuomba kwa kompyuta. Alizitazama alama za Gaudensi, akavua miwani.

"Nikwambie ukweli? Udaktari unaweza kuomba, hukatazwi. Ila wenye daraja la kwanza ni wengi na nafasi ni chache. Weka udaktari chuo kimoja. Kwingine weka uuguzi, weka kilimo, weka hata ualimu wa sayansi. Usitegemee mlango mmoja."

Gaudensi alimgeukia mama yake. "Mama, unaonaje?"

Salvina aliyaona macho yale. Aliona wazi kuwa kijana anaomba ruhusa. Lakini alimwona pia mumewe akiwasubiri nyumbani, na Salvina katika maisha yake ya ndoa hakuwahi kurudi na kitu tofauti na alichotumwa.

"Baba yako amesema udaktari," alijibu.

Elisifa alivaa miwani yake, akaandika. Vyuo vitatu, vyote udaktari.

Awamu ya kwanza ilipotoka, jina la Gaudensi halikuwamo popote. Wenseslaus alisema Mungu hana haraka. Wakaomba awamu ya pili, udaktari tena. Siku ya majibu Gaudensi aliteremka Himo peke yake asubuhi, akarudi jua likizama, viatu vimejaa vumbi, maana njia yote ya kupanda alitembea kwa miguu. Alimkuta baba yake amekaa mlangoni, amevaa koti la kanisani.

"Nimechaguliwa," alisema. "Mwanza. Udaktari."

Wenseslaus alimkumbatia akalia kwa sauti. Salvina alilia pia. Aliona kijana hatabasamu, akadhani ni uzito wa jambo lenyewe. Mtu akipewa mzigo mkubwa hacheki, alijiambia.

Mtamba wao mmoja aliuzwa. Jumuiya ikaja kusali, Wenseslaus akahutubia mpaka uji ukapoa. Mwezi wa Novemba alimsindikiza mwanawe hadi stendi ya Himo, akasimama pale mpaka basi likapotea machoni. Tangu siku hiyo hakumtaja tena kwa jina. Alikuwa akisema "mtoto wangu aliyeko Mwanza," dukani, kanisani, hata kwa wapita njia wasiomuuliza.

Gaudensi alipiga simu kila Jumapili. Alimtajia baba yake majina ya mifupa, naye Wenseslaus aliyarudia kwa wanakwaya huku akijishika mkono na mbavu kuwaonyesha. Krismasi kijana hakurudi. Alisema wamenyimwa likizo.

Kwa wakati huo Wenseslaus alikuwa ameanza kutafuna chakula kwa muda mrefu na kukisukuma kwa maji. Ilianza na nyama. Kisha ugali ukakataa kupita. Mwaka mpya ulipoanza alikuwa anakunywa mtori mwepesi wa ndizi tu, na baada ya kila funda alitulia, mkono kifuani, kama mtu anayesikiliza kitu. Sauti ya kwaya ilikwisha, ikabaki mkwaruzo. Salvina alimbembeleza waende hospitali mpaka akamchosha, na hatimaye wakateremka Moshi, kwenye hospitali kubwa, wakaambiwa ni saratani ya koo.

Vipimo vilihitaji kurudi mara kwa mara. Zita, binti wa Bernadetha, alikuwa amehamia Pasua, hapo hapo Moshi, na mumewe baada ya mwaka mpya, akawakaribisha walale kwake. Asubuhi ya pili, katikati ya Kwaresima, Salvina alitoka kutafuta maziwa. Mtaa wa pili kutoka kwa Zita palikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na vijana walikuwa wakishusha magunia kutoka kwenye fuso. Mmoja alipita mbele yake, gunia mgongoni, kichwa kimeinama, pumba zimemganda kwenye nyusi. Salvina aliujua mguu kabla ya uso.

Alisimama katikati ya njia. Pikipiki ilimpigia honi, hakusogea. Kijana aliingia ndani, akatua mzigo, akatoka akijifuta jasho, ndipo macho yao yakakutana.

"Shikamoo mama," alisema, kwa sababu hakuwa na neno lingine.

Salvina hakuitikia. Alimfuata nyuma ya lundo la pumba, mahali ambapo kelele za mashine ziliwafunika.

"Umetoka lini Mwanza?"

"Sijawahi kufika Mwanza."

"Na ile mifupa unayomtajia baba yako?"

"Kuna mshikaji niliyesoma naye. Yeye ndiye yuko chuo. Ananiambia, nami namwambia baba." Alikuwa akiongea huku anatazama chini. "Siku ile nilipotoka Himo nilidhamiria kusema ukweli, mama. Nilitembea njia yote nikiupanga. Nilipofika nikamkuta ameshavaa koti. Ningesema nini mbele ya lile koti? Nikajiambia niombe tena mwaka huu, dirisha likifunguliwa. Nikipata, hakuna ambaye angejua."

"Baba yako yuko kwa Zita, mtaa wa pili kutoka hapa. Ana saratani ya koo. Hamezi."

Gaudensi alikaa chini juu ya pumba, akajifunika uso kwa mikono. Mwenye mashine alimwita kwa jina, akamwita tena. Hakuinuka.

"Nije nimwone?" aliuliza mwishowe. "Nije kama nani?"

Salvina alikuwa na hasira. Lakini alimfikiria Wenseslaus kitandani kwa Zita, mtu ambaye chakula hakipiti na kilichobaki kumpa nguvu ni habari za mtoto aliyeko Mwanza. Ukimnyang'anya na hiyo atakula nini?

"Njoo Pasaka," alisema. "Njoo kama anavyokujua."

Maneno hayo yalimtoka yeye mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha.

Kabla hawajapanda nyumbani, daktari mmoja kijana, mwanamke mwenye sauti ya upole, aliwaketisha akawaeleza. Wangemwekea mzee mpira mdogo kooni ili njia ipanuke, chakula kipite, apate nguvu, kisha waone kama mwili utastahimili matibabu mengine. "Ila msikae sana," alisema. "Hili jambo linakwenda na nguvu za mgonjwa."

Wenseslaus alitikisa kichwa. "Nina daktari wangu. Yuko Mwanza. Pasaka haiko mbali, nitamsikiliza yeye."

Salvina alifungua mdomo, akaufunga.

Gaudensi alifika Jumamosi Kuu, shati jeupe, nywele zimenyolewa. Watoto wa jirani walimpokea mkoba njiani wakimwita dokta. Wenseslaus aliomba aketishwe kitandani. Alimshika mwanawe mkono, akaugeuza kiganja, na Salvina aliyesimama mlangoni na kikombe cha maziwa aliogopa ataona sugu. Mzee hakuziona. Macho yake yalikuwa usoni kwa kijana.

"Wanataka kuniwekea mpira kooni," alisema kwa mkwaruzo wake. "Kuna mtu wa Kirua aliwekewa, hakurudi. Hawa wa hospitali siwajui, wanaweza kunificha. Wewe ni damu yangu na umesoma. Nikubali au nikatae? Ukisema wewe, imekwisha."

Nje mtu alikuwa akimfukuza kuku. Gaudensi alimtazama mama yake, na Salvina alijua kwamba sentensi moja tu ingetosha. Kubali, baba, wala usiniulize mimi, sikusoma. Au yeye Salvina angeweza kuisema kwa niaba ya kijana. Alijiambia kwamba ukweli ungemuua mzee pale pale kitandani. Huenda ni kweli, huenda alikuwa akijitafutia tu pa kujificha.

"Baba," Gaudensi alisema, "ngoja kwanza nikawaulize walimu wangu."

Wenseslaus aliridhika. "Umesema vizuri. Mtu mzima haropoki."

Salvina alimkamata kijana nje, kwenye migomba. "Kwa nini hukumwambia akubali?"

"Na akifia huko, mama? Nitakuwa nimemuua kwa uongo."

"Asipokwenda je?"

Jumatatu ya Pasaka Gaudensi aliondoka, akarudi kwenye magunia yake.

Mvua za masika zilishuka. Wenseslaus alilala na simu kifuani. Kila Jumapili iliita, na kila Jumapili sauti ya kijana ilisema bado hajampata profesa, profesa amesafiri, profesa amesema aangalie vitabu kwanza. Salvina alichota ujasiri, akamwambia mumewe, "Baba Gaudensi, twende tu. Wale ndio kazi yao."

"Wewe unajua nini?" alimjibu, bila ukali, kama mtu anayemweleza mtoto. "Tusubiri neno la msomi."

Akasubiri. Mtori ukawa mzito kwake, wakaanza maziwa. Maziwa nayo yakaanza kurudi puani. Salvina alipomwogesha aliweza kuzihesabu mbavu zote ambazo mwanawe alizitaja kwa simu. Siku moja alitoka nje kwenye mvua, akapiga simu Pasua, akamwambia kijana, "Sema leo. Usiposema leo, mimi nitasema yote." Jioni hiyo hiyo simu ya Wenseslaus iliita.

"Baba, kubali," Gaudensi alisema. Alikuwa akilia, na baba yake akadhani ni mtandao. "Kubali kesho asubuhi."

Walikodi gari, wakateremka. Daktari alikuwa yule yule. Alimpima Wenseslaus, akamshika mkono uliobaki ngozi na mshipa, akamgeukia Salvina.

"Mama, mlikuwa wapi muda wote huu?"

Wenseslaus ndiye aliyejibu, na kwa yote yaliyokuwa yamempata bado palikuwa na fahari katika ule mnong'ono. "Nilikuwa nasubiri ushauri wa daktari wangu."

Hawakumwekea mpira. Mwili, walisema, hauwezi tena. Walipewa dawa za maumivu na maelekezo ya kumlowanisha midomo. Alifariki nyumbani mwezi wa Mei, asubuhi ya mvua, katika kihamba chenye ndizi kila upande. Alikufa na njaa.

Walimzika chini ya migomba, karibu na baba yake. Kaka yake mkubwa, Eliakim, ndiye aliyesema kwa niaba ya ukoo. Alisema marehemu hakuacha mali, ila ameacha daktari, na watu wakaitikia. Gaudensi alisimama kando ya kaburi akiwa amevaa lile koti la kanisani la baba yake, likimpwaya mabegani, akapokea mikono ya pole ya watu waliomwita dokta mmoja baada ya mwingine.

Siku ya tatu baada ya mazishi ndugu walikuwa wamekaa uani wakizungumzia kumaliza msiba. Bernadetha aliingia mbio, amembeba mjukuu wake mdogo. Mtoto alikuwa wa moto, macho yamegeuka juu, mikono inarukaruka.

"Dokta, mtazame!" alisema akimwekea Gaudensi mtoto mapajani. "Tangu jana. Nimempa dawa ya homa, haishuki. Nimpe nini?"

Watu wote walimtazama Gaudensi. Naye, labda kwa mazoea ya siku zile, labda kwa woga tu, alinyoosha mkono akaweka kiganja kwenye paji la mtoto.

Salvina aliuona ule mkono.

"Toa mkono," alisema.

Aliinuka, akamchukua mtoto, akamrudishia Bernadetha. "Mkimbize zahanati sasa hivi. Huyu si daktari. Hajawahi kukanyaga chuo. Anabeba mpunga Pasua, na mimi nilijua tangu Kwaresima."

Bernadetha alimtumbulia macho kidogo tu. Kisha alikimbia, na wakasikia akipiga kelele barabarani kuita bodaboda. Uani mtu mmoja aliweka bakuli lake chini taratibu, kana kwamba lingeweza kulipuka.

"Kwa hiyo," Eliakim alisema hatimaye, "ndugu yangu alikuwa amelala pale anamsubiri mbeba mpunga."

"Ndiyo, shemeji," Salvina alijibu.

"Na wewe ukamwangalia."

"Nikamwangalia."

Hakuna aliyewapiga, hakuna aliyewatukana. Ingekuwa nafuu. Watu waliaga mmoja mmoja, wengine bila kuaga, na kufikia jioni ua ulikuwa mtupu. Gaudensi alivua koti, akalikunja, akaliweka kitandani kwa baba yake, akateremka mlima kwa miguu. Eliakim alituma ujumbe kwamba kijana asikanyage tena kihamba kile mpaka ukoo umwite. Ukoo haukumwita.

Mjukuu wa Bernadetha alipona. Ilikuwa malaria iliyokwisha kupanda kichwani, na zahanati walisema angechelewa kidogo tu wangempoteza. Bernadetha hakuja kushukuru, wala hakuja kulaumu. Alianza kuchota maji upande wa juu wa mfereji ili wasikutane.

Salvina alibaki peke yake na ng'ombe na kahawa. Kuna siku alimchukia mwanawe mpaka akaogopa, na kuna siku alijichukia zaidi. Usingizi ulipomkataa alimsikia mumewe akitafuna.

Julai ilipofika aliteremka Pasua, akamkuta Gaudensi pale pale kwenye mashine, amekonda.

"Dirisha limefunguliwa?"

"Limefunguliwa."

"Vua hizo pumba, twende."

Walikwenda kwenye steshenari moja mjini, mahali wasipojulikana. Mhudumu aliuliza aandike kozi gani. Gaudensi, kama kawaida yake, alimgeukia mama yake.

"Usiniangalie mimi," Salvina alisema. "Wewe unataka nini?"

Gaudensi alifikiri mpaka mhudumu akaanza kumhudumia mtu mwingine. "Sijui," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza." Baadaye akataja kilimo, akataja ualimu wa sayansi. Udaktari hakuutaja.

Mwezi wa Oktoba alipiga simu. "Mama, nimechaguliwa. Morogoro, kilimo. Na mkopo umetoka, si wote."

Salvina alikuwa zizini. Alisikiliza ile sauti, akatafuta ndani yake, hakuona cha kumwonyesha kama ni kweli au si kweli.

"Nitakusindikiza," alisema. "Mpaka ndani."

"Huniamini."

"Sikuamini."

"Basi twende," Gaudensi alisema.

Walikwenda. Salvina alipanga foleni pamoja naye kati ya vijana wenye masanduku, na hakuondoka mpaka alipomwona amesajiliwa na kupewa kitanda. Kijana alimsindikiza getini. Walisimama pale kama watu wawili waliotoka kwenye msiba mmoja, na hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha, kwa kuwa hawakujua waanzie wapi. Salvina alimwambia ale vizuri, akaondoka.

Kilema hakumwambia mtu. Nani angemsadiki? Wiki moja baadaye alikutana na Bernadetha kwenye mfereji, kwa bahati mbaya ya wote wawili. Walisalimiana. Bernadetha alijaza ndoo yake, akasita.

"Gaudensi yuko wapi siku hizi?"

"Yupo," Salvina alisema, akainama kuchota maji.